Kinywa na Moyo: Uhakiki wa Lugha ya Sala na Tafakuri ya Kila Siku katika Kiswahili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuhesabu riwaya, tamthilia, hadithi fupi na diwani za mashairi, na baada ya hapo huhesabu fasihi simulizi. Maandishi ya ibada hayamo katika hesabu hiyo. Yakitajwa, hutajwa katika historia ya lugha tu: ni nani aliyetafsiri, alifuata lahaja gani, na kama chapa ilipigwa Unguja au Mombasa. Hata hivyo ni vigumu kupata nathari inayosomwa kwa ukawaida zaidi katika nyumba za Wakristo wa Kenya na Tanzania kuliko ile ya somo la siku, yaani aya chache za Maandiko, maelezo ya ukurasa mmoja, na sala fupi ya kufungia. Mtu aliyeacha kusoma riwaya tangu alipotoka shuleni husoma ukurasa huo kila asubuhi kabla ya kwenda shambani au kazini, na siku hizi wako wanaousoma katika simu. Maandishi yanayosomwa namna hii hayakosi kuacha alama katika lugha ya wasomaji wake. Yanastahili kuulizwa maswali yaleyale yanayoulizwa juu ya maandishi mengine.

Swali linaloshughulikiwa hapa ni moja. Sala inayotokana na Maandiko hudai kwamba maneno ya anayesali yatoke katika maneno aliyoyasoma. Je, Kiswahili cha tafakuri za kila siku hutimiza dai hilo, ama huyagusa Maandiko mara moja kisha kikaenda zake? Jibu linalotetewa katika makala haya ni kwamba tatizo limeanza katika neno "kutafakari" lenyewe, na kwamba namna ya kuyagawa masomo, pamoja na mtindo wa waandishi wa maelezo, zimelikuza tatizo hilo hata likamfikia mtu ambaye hana nafasi ya kulikwepa, yaani mtu anayesali akiwa na msiba.

Neno "kutafakari" lina asili ya Kiarabu, na maana yake haina utata: ni kufikiri kwa kina, kulizingatia jambo kwa akili. Anayetafakari hutazamiwa kunyamaza. Hufunga mdomo, na aghalabu hufumba macho pia. Hilo ndilo neno lililotumiwa katika Tafsiri ya Umoja ya mwaka 1952, iliyopatanisha Biblia ya Unguja na ile ya Mombasa, pale Zaburi ya kwanza inapoeleza shughuli ya mtu mwenye heri. Lakini kitenzi cha Kiebrania kilichoko hapo, hagah, kwa asili ni kitenzi cha koo. Katika kitabu cha Isaya, sura ya 31, kitenzi hichohicho hueleza sauti ya simba aliyesimama juu ya mawindo yake. Katika sura ya 38 ni sauti ya hua, na anayelia kama hua ni mfalme Hezekia, akiikumbuka hali yake alipokuwa mgonjwa wa kufa. Mtu wa Zaburi ya kwanza, basi, hakuketi kimya akiwaza juu ya sheria. Aliitamka kwa sauti ya chini, akairudia, akaishika kwa ulimi kabla ya kuishika kwa moyo, kama afanyavyo mtoto wa chuoni mbele ya ubao wake.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika sura ya kwanza ya Yoshua. Hapo agizo la kutafakari hutanguliwa, katika sentensi ileile, na onyo linalotaja kinywa. Msomaji wa Kiswahili hukutana na kinywa katika kipande cha kwanza na fikra katika kipande cha pili, akadhani kwamba ameagizwa mambo mawili. Katika Kiebrania ni jambo moja. Kadhalika mwisho wa Zaburi ya 19, maneno ambayo wahubiri wengi wameyafanya kuwa sala ya kufungulia mahubiri, jina lililotokana na mzizi wa hagah limekuwa "mawazo". Tafsiri hiyo si kosa, kwa maana moyo ndio unaotajwa hapo, na moyo wa Kiebrania ni mahali pa kufikiria. Lakini moyo huo una sauti. Mzizi uliotumika wadokeza kwamba moyo nao unanong'ona, na hilo "mawazo" haliwezi kulibeba.

Watafsiri hawakulaumika peke yao. Kigiriki cha tafsiri ya kale ya Agano la Kale kilichagua kitenzi chenye maana ya kufanya mazoezi na kujifunza kwa kurudiarudia. Kilatini kikafuata kwa meditari, nacho kilikuwa na maana hiyo ya mazoezi kabla ya kuwa neno la watawa na wanafalsafa. Ni katika lugha za Ulaya za karne za baadaye ambapo neno lilihamia kichwani kabisa. Wamishenari walilileta likiwa limekwisha kuhama, na Kiswahili kikatoa neno lililolingana na hali hiyo.

Watawa wa kale walikuwa bado wanalijua jambo lenyewe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, hutenga saa za kusoma Maandiko kila siku, na humwomba yule atakaye kujisomea wakati wenzake wamejilaza baada ya chakula cha mchana asome bila kuwasumbua. Ombi hilo lisingehitajika kama kusoma kungekuwa ni kwa macho tu. Katika karne ya 12 Guigo wa Pili, mkuu wa watawa wa Chartreuse huko Ufaransa, aliandika waraka juu ya ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kumtazama Mungu. Mfano alioutumia ni wa mlaji. Kusoma ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kutafuna na kuvunjavunja, kusali ni kupata ladha, na kidato cha nne ni ule utamu wenyewe. Wengine katika mapokeo hayo walitumia neno la mnyama anayekula majani, na hapa Kiswahili hakina sababu ya kuona haya, kwa kuwa kina kitenzi "kucheua", ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua vizuri katika sheria ya Walawi juu ya wanyama walio halali. Mfugaji wa Kajiado au wa Baringo hahitaji kufafanuliwa mfano huu. Ng'ombe anayecheua chini ya mti haongezi chochote. Linalorudi kinywani ni lile jani alilolila asubuhi. Tafakuri nyingi za Kiswahili hazicheui. Huonja jani moja, kisha mwandishi huleta chakula chake mwenyewe.

Inafaa kuuliza kama Kiswahili kilikuwa na neno jingine. Kilikuwa nalo, tena karibu sana. Waislamu wa pwani wana "uradi", nalo ni neno la maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa kwa ulimi kwa saa maalumu. Na lugha ina kitenzi "kuradidi", yaani kusema tena na tena. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kutoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, aliishi katikati ya msamiati huo. Huenda ikasemwa kwamba neno la uradi lisingefaa kwa sababu lilikuwa jina la ibada ya dini nyingine. Hoja hiyo haina nguvu. Neno "sala" lenyewe, ambalo Wakristo wamelipokea bila shida, ni jina la ibada ya Waislamu ya mara tano kwa siku, na hakuna aliyechanganyikiwa kwa ajili yake. (Mgawanyo unaosikika leo kati ya Wakatoliki wanaopenda "sala" na Waprotestanti wengi wanaopenda "maombi" ni habari nyingine, nao ungestahili makala yake.)

Mjadala mkubwa wa msamiati wa Biblia ya Kiswahili ulielekea upande mwingine. Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alikusudia kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka yale ya Kibantu. Waliompinga walilitetea Kiarabu kuwa ni damu ya Kiswahili. Pande zote mbili zilishughulika na ukoo wa maneno. Kwa kitenzi kama hiki ukoo si kitu. Kama mtafsiri angaliandika "kuwaza", neno lisilo na Kiarabu hata kidogo, kinywa kingalibaki kimefungwa vilevile. Na "kuradidi", lenye ukoo wa Kiarabu, lingalikifungua.

Hata hivyo desturi za watu zilisahihisha kwa muda mrefu kile kilichopotea katika neno. Waongofu wa kwanza katika nchi za bara hawakuitwa watu wa kutafakari. Wagikuyu waliwaita athomi, na Waganda abasomi, yaani wasomaji. Na katika Kiganda kitenzi cha kusoma kilikuwa pia ndicho kitenzi cha kuabudu. Kusoma huko kulikuwa kwa sauti, kwa kuwa nyumbani kitabu kilikuwa kimoja na mjuzi wa kusoma mara nyingi alikuwa mmoja. Mtoto wa shule aliwasomea wazee waliokuwa wakisikiliza, nao waliyarudia maneno wakiwa njiani na jembeni, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kuyahifadhi. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937 uliendeleza desturi hiyo katika mikutano ya ushirika, ambako neno lililosomwa lilijibiwa papo hapo kwa ungamo na kwa wimbo. Mtu anaweza kutokubaliana na mengi katika Uamsho huo, lakini si rahisi kudai kwamba wafuasi wake waliyasoma Maandiko kwa macho tu.

Jambo la pili ni mgawanyo wa masomo. Kila kanisa hugawa Maandiko kwa siku, na kila namna ya kugawa huzaa msomaji wa aina yake. Benedikto aliwataka watawa wake wamalize Zaburi zote 150 kwa juma moja. Kitabu cha sala cha Waanglikana, kilichotolewa kwanza na Thomas Cranmer mwaka 1549, kilizigawa kwa siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni. Mpango wa Kanisa Katoliki uliofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulizitandaza kwa majuma manne. Wamoravian wana njia yao isiyofanana na hizi. Huko Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1728 kupeana neno la siku, wakalipiga chapa kama kitabu cha mwaka kuanzia 1731. Aya ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutwa aya ya Agano Jipya ya kuandamana nayo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mapokeo yao ya neno la siku ni sehemu ya ibada ya Kiprotestanti iliyokuja kusini mwa Tanzania. Umoja wa Kujisomea Biblia, ulioanza mpango wake wa masomo ya kila siku huko Uingereza mwaka 1879, umeshika njia ya kusoma kitabu mfululizo, kipande baada ya kipande, pamoja na maelezo.

Tofauti hizi huonekana kuwa za utaratibu tu mpaka zijaribiwe kwa mfano. Zaburi ya pili huanza kwa kushangaa ghasia za mataifa, na kitenzi cha mataifa hayo katika Kiebrania ni kilekile cha mtu mwenye heri wa Zaburi ya kwanza. Wao nao wananong'ona, ila manong'ono yao ni ya hila. Kwa sifa yake kubwa Tafsiri ya Umoja ilibakiza "kutafakari" pande zote mbili. Tena Zaburi ya kwanza huanza kwa neno "heri" na ya pili hukaribia mwisho kwa neno hilohilo, hata wataalamu wengi wakaona kwamba zote mbili ziliwekwa pamoja kuwa mlango wa kitabu. Mwanglikana anayefuata siku 30 huzisema pamoja asubuhi ya tarehe mosi, Zaburi ya kwanza hadi ya tano bila kupumzika, na huusikia ulinganifu huo hata kama hawezi kuueleza. Kuna watu wawili wanaosogeza midomo mchana na usiku, mwenye haki na mwenye njama. Anayepata mti wa kando ya maji peke yake katika karatasi ya kalenda hupata picha nzuri, na hajui kwamba jirani wa mti huo ni ghasia. Tafsiri za baadaye zinazofuata maana kuliko neno huwa katika hatari ya kuukata uzi huu hata kwa msomaji anayesoma mfululizo, kwa sababu mantiki huwataka waweke kitenzi cha kula njama katika Zaburi ya pili.

Liko jambo jingine la mgawanyo ambalo halisemwi sana. Katika Liturujia ya Vipindi ya mwaka 1971, Zaburi tatu, ya 58, ya 83 na ya 109, ziliachwa nje, pamoja na aya kadhaa za Zaburi nyingine, kwa sababu laana zake zilidhaniwa kuwaletea watu ugumu wa kisaikolojia. Sababu hiyo ina huruma ndani yake. Lakini Zaburi ya 109 ni kilio cha mtu aliyesingiziwa na watu aliowatendea mema, na katika nchi ambako wajane hunyang'anywa mashamba kwa ushahidi wa uongo haielekei kwamba ugumu ni wa yule anayeisali. Ugumu ni wa yule anayemsikia.

Waandishi wa fasihi nao wamejaribu kuirudishia sala hii sauti, na jaribio lililo kubwa ni la Mathias Mnyampala, mshairi wa Tanzania. Alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965, vitabu vilivyotoka katika chapa ya Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho, watawa wa kanuni ileile iliyotajwa hapo juu. Uamuzi wa kutumia utenzi ulikuwa wa mtu anayejua wasikilizaji wake. Utenzi haukutungwa usomwe kwa macho. Hughaniwa, na anayeughani huyatia maneno yote kinywani kabla ya kuyaelewa yote. Katika jambo hilo Mnyampala alikuwa karibu zaidi na Zaburi ya kwanza kuliko waandishi wengi wa tafakuri za nathari.

Pamoja na hayo, umbo la utenzi lina matakwa yake. Ubeti wa vipande vinne vya mizani nane, wenye kina kimoja cha mwisho kinachoshikilia utungo mzima, ulizoea kubeba visa: vita, safari, maisha ya mitume. Husukuma mbele. Zaburi haisukumi mbele. Hutamka jambo, kisha hulirudia kwa maneno mengine yaliyo jirani, na nguvu yake imo katika nafasi iliyoko kati ya kauli hizo mbili. Shairi la mishororo yenye ukwapi na utao, lililogawanyika katikati kwa mizani nane na nane, lina nyumba ya vyumba viwili iliyo tayari kwa kauli za namna hiyo. Inashangaza kidogo kwamba Zaburi za Kiswahili hazikupelekwa huko kwa wingi. Pengine ni kwa sababu vina vya kati na vya mwisho humlazimisha mtunzi kutafuta mno, naye aliyetaka kubaki mwaminifu kwa Maandiko aliogopa kutawaliwa na kina.

Nathari ya tafakuri yenyewe sasa. Mpangilio wake unajulikana na kila anayeisoma. Aya inanukuliwa, mwandishi anaeleza kwamba aya hiyo yafundisha jambo fulani, kisa kifupi cha maisha kinaletwa, msomaji anaulizwa hali yake ikoje, sala ya mistari mitatu inaomba msaada. Kasoro iliyo dhahiri ni kuharakisha kuziacha taswira. Zaburi ya 42 ina ayala, mnyama ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili hawamjui mahali pengine popote ila hapo, na ayala huyo anatafuta maji. Karibu kila tafakuri juu ya Zaburi hii hufika kwenye kiu ya kiroho kabla ya sentensi ya tatu. Hakuna anayekaa na mnyama. Neno la Kiebrania la mahali anapoyatafuta maji lahusu mikondo ya bondeni, ya aina ambayo katika nchi kavu hukauka sehemu ya mwaka, lakini "mito" humfanya msomaji wa Kisumu au wa Kilombero aone maji tele. Msomaji wa Kitui anaelewa zaidi. Anaujua mto wa mchanga, na anajua kwamba maji yamo chini yake na kwamba hayapatikani bila kuchimba. Mwandishi aliyekaa na taswira hiyo kwa ukurasa mzima asingehitaji kuitaja kiu ya kiroho hata mara moja.

Kasoro kubwa zaidi ni ya kisarufi, na hii haijashughulikiwa ipasavyo. Katika Zaburi za maombi, "wewe" ni Mungu. Katika tafakuri, "wewe" ni msomaji. Mtu aliyefungua kitabu ili aseme hujikuta anaambiwa. Badiliko hili la nafsi hupita kimyakimya kwa kuwa Kiswahili huificha nafsi katika kiambishi cha kitenzi, na macho hukizoea kiambishi upesi. Lakini Zaburi ya 23, ambayo haina Mkristo asiyeijua, imejengwa juu ya badiliko la namna hiyo, tena kwa kuelekea upande wa pili. Katika Tafsiri ya Umoja vitenzi vya mwanzo ni "hunilaza" na "huniongoza", na kiambishi hu- hakina nafsi ndani yake. Ni cha desturi. Hueleza jinsi mambo yalivyo. Mchungaji anasemwa, hasemeshwi. Inapofika bonde lenye giza ndipo "wewe" hutokea, na baada yake "waandaa" na "umenipaka", vitenzi vyenye nafsi ya pili vinavyomkabili anayeambiwa. Hatari ndiyo inayomtoa msemaji katika habari na kumtia katika mazungumzo. Watafsiri wa 1952 walilifanya hili kwa ustadi ambao Kiingereza hakina njia ya kuufikia, kwa sababu Kiingereza hakina hu-.

Tafakuri ya kawaida hufanya kinyume. Huzungumza na Mungu mambo yakiwa mazuri, katika shukrani za mwanzo wa siku. Na hatari inapotajwa, humwacha Mungu na kumgeukia aliye hatarini ili kumpa mashauri. Vitenzi vyake hapo ni vya kuamrisha na kuhimiza: vumilia, tumaini, jiulize, usikate tamaa. Yawezekana mashauri hayo yote ni mema. Hata hivyo mama aliyemzika mtoto juma lililopita, akafungua somo la siku kwa sababu hakuwa na maneno yake mwenyewe, alikuwa amekuja kuazima maneno. Zaburi ingempa. Ukurasa uliowekwa juu ya Zaburi umempa kazi ya kufanya.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba msomaji wa kawaida hawezi kuzitumia Zaburi bila kushikwa mkono. Mkono wa kweli ungalikuwa na manufaa: kumwonyesha kwamba ayala ni mnyama wa jamii ya paa na kulungu, kwamba anayesema ni mgonjwa au mkimbizi, kwamba neno fulani limerudiwa mara tatu. Maelezo kama hayo yangemwacha mbele ya maandishi akiwa na kitu cha kushika. Ni maelezo machache sana ya aina hii yanayopatikana, pengine kwa sababu yanadai elimu, ilhali kuhimiza hakudai.

Zaburi ya 88 ndiyo inayopima zaidi. Haina faraja ndani yake. Anayesema amewekwa shimoni, rafiki zake wametengwa naye, na neno la mwisho kabisa la Kiebrania ni giza. Tafsiri ya Umoja nayo imelifikisha giza hilo kwenye neno la mwisho, "gizani", bila kuongeza kitu. Mwanglikana wa siku 30 hukutana nayo asubuhi ya tarehe 17, baada ya Zaburi ya 86 na ya 87, kisha huenda kazini. Mkatoliki anayesali Liturujia ya Vipindi huikuta kila usiku wa Ijumaa, katika sala ya mwisho kabla ya kulala, na hufuatishiwa tu yale maneno ya kumtukuza Baba, Mwana na Roho Mtakatifu yanayofuata kila Zaburi. Waliopanga hivyo, wa kanisa moja na la lingine, waliliacha giza mahali pake. Tafakuri za nathari juu ya Zaburi hii ni chache, na zilizopo kwa kawaida hazipiti aya ya pili kabla hazijafika Pasaka.